Shahidi wa Kwanza

Bodi mama nyingi za kompyuta za mezani zinazouzwa siku hizi zina kitufe kidogo upande wa nyuma, jirani na matundu ya USB, ambacho wenye kompyuta wengi hawajawahi kukigusa. ASUS wanakiita BIOS FlashBack, Gigabyte wanakiita Q-Flash Plus, na MSI nao wana chao. Mtu anachomeka flashi yenye programu dhibiti mpya kwenye tundu lililotiwa alama, anaunganisha umeme, anabonyeza, na taa ndogo inaanza kupepesa. Dakika chache baadaye taa inazimika na bodi imekwisha kupata programu mpya. Muda wote huo kompyuta haijawashwa. Si lazima hata iwe na prosesa wala RAM. Bodi tupu iliyolazwa mezani, ikiwa na nyaya za umeme tu, inafanyiwa kazi hiyo toka mwanzo hadi mwisho.

Matangazo hukisifu kitufe hicho kwa mnunuzi aliyepata prosesa mpya kuliko bodi yake. Lakini ukikitazama vizuri, ni kukiri kwa wahandisi. Wamekubali kwamba ipo kazi moja ambayo kompyuta haifai kuachiwa ijifanyie yenyewe, nayo ni kubadilisha kile kinachoiamsha. Swali lililo nyuma ya kukiri huko ni la kale kuliko umeme: akili ikitiliwa shaka, itapimwa kwa akili ipi?

Prosesa inapopata umeme haijui kitu. Haina habari kwamba kuna diski, kioo wala kibodi. Katika ukoo wa prosesa za Intel, inachofanya ni kwenda kwenye anwani moja iliyopangwa tangu kiwandani, baiti 16 chini ya mpaka wa gigabaiti 4, na kutekeleza amri itakayoikuta hapo. Amri hiyo inatoka kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu iliyobandikwa kwenye bodi, mara nyingi yenye megabaiti 16 au 32 tu. Humo ndimo ilimo programu dhibiti, ile ambayo Gary Kildall aliiita BIOS katikati ya miaka ya 1970 alipokuwa akitengeneza mfumo wake wa CP/M, na ambayo sasa nafasi yake imeshikwa na UEFI. Yenyewe ndiyo inayoamsha RAM, inayotambua diski, kisha inaikabidhi kompyuta kwa Windows au Linux. Yote yatakayofuata yanapokea maneno yake bila kuuliza. Windows ikitaka kujua kuna RAM kiasi gani, jibu linatoka huko. Programu ya kuzuia virusi imesimama juu ya Windows, na Windows imesimama juu ya hiyo.

Kusasisha ni kuifuta chipu hiyo na kuiandika upya. Kufuta kwenyewe kuna ajabu yake: chipu za aina hii zikifutwa hazibaki sifuri, kila biti hugeuka kuwa moja, na kuandika ni kuzirudisha baadhi ya moja hizo kuwa sifuri. Kazi inakwenda kipande kwa kipande. Zinapita dakika ambazo mashine haina programu ya zamani, maana imefutwa, wala haina mpya, maana haijakamilika. Umeme ukikatika hapo, siku kompyuta itakapowashwa prosesa itakwenda kwenye anwani yake ileile na kukuta maneno yasiyo na maana, au isikute neno. Kioo kitabaki cheusi. Wakenya walioshuhudia karibu nchi nzima ikizimika usiku wa Agosti 25, 2023 hawahitaji kuelezwa kwa nini mafundi wanashikilia habari ya UPS, au betri iliyojaa ikiwa ni laptopu.

Dunia ilikionja kioo hicho cheusi Aprili 26, 1999. Kirusi kilichoitwa CIH, kilichoandikwa na Chen Ing-hau, mwanafunzi wa Taiwan, kilikuwa kimekaa kimya ndani ya maelfu kwa maelfu ya kompyuta za Windows 95 na 98 kikisubiri tarehe. Tarehe ilipofika kiliharibu mwanzo wa diski, na kwenye bodi ambazo chipu yake ya BIOS haikuwa imefungwa, kiliandika takataka juu ya programu dhibiti. Waliopoteza diski walilia, lakini angalau kompyuta zao ziliwaka. Walioharibikiwa chipu hawakuwa na pa kuanzia. Diski ya kurejesha mfumo haikuwa na msaada, kwa sababu kisomaji cha diski nacho kilisubiri kuamshwa na yule aliyekufa.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, alilipitia jambo hili bila kompyuta. Katika al-Munqidh min al-Dalal, kitabu cha miaka yake ya mwisho, anasimulia shaka iliyomkaba kwa karibu miezi miwili. Alianza na hisi. Jicho linatazama kivuli na kukiona kimesimama. Baada ya saa moja inadhihirika kwamba kilikuwa kikisogea kidogo kidogo. Linatazama nyota na kuiona ndogo kama dinari, ilhali hesabu zinaonyesha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Basi hisi zimekamatwa kwa uongo, na aliyezikamata ni akili. Hapo Ghazali anazipa hisi nafasi ya kujitetea, na utetezi wao ni mkali: ulituamini mpaka akili ilipokuja kutukanusha, je, kama nyuma ya akili yupo hakimu mwingine ambaye siku akitokeza ataikanusha akili vilevile? Kwamba hajatokeza si dalili kwamba hayupo. Na kuijibu hoja hiyo kunataka dalili, dalili hujengwa kwa kanuni za mwanzo za akili, na kanuni hizo ndizo zilizowekwa kizimbani.

Alitokaje? Anasema wazi kwamba hakutoka kwa kupanga hoja. Alitolewa na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Wapo wanaoliona jibu hilo kuwa ni kuukimbia uwanja. Fundi wa kompyuta ana sababu ya kulipa uzito zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ya ESET ilitangaza kuikuta LoJax, programu haramu iliyojificha ndani ya UEFI, ya kwanza ya aina hiyo kuonekana ikitumika kwenye mashambulizi halisi. Mwenye kompyuta anafuta diski nzima, anaweka Windows upya, hata ananunua diski nyingine, na mdudu anarudi, kwa sababu makao yake hayakuwa kwenye diski. Akiiuliza kompyuta hiyo kama ni nzima, jibu litapita kwa mdudu kabla ya kufika kwenye kioo. Huyo ndiye hakimu wa nyuma aliyemnyima Ghazali usingizi. Kumwondoa kwa kutumia kompyuta yenyewe ni kumpa mshitakiwa kazi ya kuandika hukumu. Lazima kitu kitoke nje.

Wasomi wa elimu ya tauhidi, kama Wagiriki waliowatangulia, waliona kwamba anayedai dalili ya kila dalili ana njia tatu. Atarudi nyuma bila kikomo, na hiyo ni tasalsuli. Au atazunguka, la kwanza alithibitishe kwa la mwisho na la mwisho kwa la kwanza, na hiyo ni dauri. Au atasimama mahali na kusema: hapa ndipo pa kuanzia. Watengenezaji wa kompyuta wamekwenda njia ya tatu, tena bila haya. Intel, kuanzia mwaka 2013, waliweka mfumo unaoitwa Boot Guard: kiwandani, alama ya ufunguo wa mtengenezaji inachomwa kwenye fyuzi ndogo mno za ndani ya chipu, na fyuzi ikishachomwa hairudi. Kabla ya kutekeleza programu dhibiti, prosesa inailinganisha na alama hiyo. Na alama yenyewe inalinganishwa na nini? Hailinganishwi na kitu.

Fundi makini, basi, anaanza kazi mbali na kitufe. Kwanza anasoma jina kamili la bodi pamoja na toleo lake, kwa kuwa bodi mbili zenye jina moja na matoleo tofauti zinaweza kutaka faili tofauti. Faili analichukua kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, halipokei kwa rafiki. Anapiga hesabu ya SHA-256, inayolifupisha faili zima kuwa herufi na tarakimu 64, na kuilinganisha na ile iliyochapishwa. Biti moja ikiwa imepinda, hesabu nzima inabadilika. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, anausimamisha ulinzi huo au anahakikisha tarakimu 48 za ufunguo wa dharura zimeandikwa mahali, la sivyo kompyuta itaamka na programu mpya, itajiona ngeni, na itamdai mwenyewe kitambulisho. Kisha anaandaa flashi: kuiweka kwenye FAT32, kuweka faili juu kabisa bila kulizamisha ndani ya folda, na kulipa jina ambalo bodi inalitarajia, kama MSI.ROM au GIGABYTE.BIN. Jina likikosewa, taa haitafanya inavyotakiwa, na hakuna ujumbe utakaoeleza sababu.

Hiyo FAT32 inastahili kutazamwa kidogo. Ni mpangilio wa faili wa mwaka 1996, wenye upungufu unaojulikana, na kwenye kazi nyingi umeshapitwa. Hapa umebaki kwa sababu anayesoma flashi ni chipu ndogo ya pembeni isiyojua mengi. Haina intaneti, haina mtumiaji, haifungui picha wala barua. Inajua kutafuta jina moja, kusoma faili na kuliandika. Uchache huo ndio unaoipa sifa ya kukabidhiwa kazi ambayo prosesa yenye mabilioni ya transista imenyimwa. Kinyume chake kilionekana mwaka 2023, watafiti wa Binarly walipotangaza kasoro walizoziita LogoFAIL: programu dhibiti zilikuwa zimefundishwa kufungua picha za aina mbalimbali ili kuonyesha nembo ya kampuni wakati wa kuwasha, na picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuwafungulia wavamizi mlango kabla ya ulinzi wote kuamka. Umaridadi wa nembo kwa sekunde mbili ulikuwa umenunuliwa ghali.

Na ile hesabu ya SHA-256? Inathibitisha kwamba faili halikuharibika njiani. Haithibitishi kwamba lilitoka kwa mwema. Tovuti iliyolitoa faili ndiyo iliyoitoa hesabu, na mwizi aliyeweza kubadilisha la kwanza hashindwi na la pili. Hapo ni dauri, na ndiyo maana zikaja saini za kidijitali.

Msomaji aliyepita chuoni ataitambua njia ya saini hata kama hajawahi kufungua kompyuta. Hadithi haipokewi kwa uzuri wa maneno yake peke yake. Inatanguliwa na isnadi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, hadi kwenye chimbuko. Elimu ya wanavyuoni wa pwani nayo ilihifadhiwa hivyo. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoandika habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kueleza nani kasoma kwa nani na nani kampa nani ijaza, idhini ya kufundisha. Programu dhibiti iliyotiwa saini ina isnadi yake. Faili limesainiwa kwa ufunguo, ufunguo huo umeidhinishwa na mwingine, na huo mwingine na mwingine, mpaka kwenye ule wa juu kabisa uliowekwa ndani ya bodi. Pete moja ikikatika, faili linakataliwa.

Lakini wataalamu wa hadithi hawakuishia kuhesabu pete. Kwa kila mpokezi waliuliza mambo mawili mbalimbali: uadilifu wake, na uimara wa hifdhi yake. Waliuliza pia kama yeye na aliyemtaja waliwahi kukutana, na hali yake ilikuwaje uzeeni. Wapo waliokuwa wa kuaminika ujanani na riwaya zao za baadaye zikawekwa kando. Saini ya kidijitali haina maswali hayo. Inasema jambo moja tu: aliyetia alama hii alikuwa na ufunguo. Kama alikuwa mwenyewe, kama alikuwa na akili timamu, kama kulikuwa na mtu nyuma yake amemshikia kisu, hayo hayamo.

Tofauti hiyo ilionekana waziwazi mwaka 2019. Kaspersky walifichua kwamba kwa miezi kadhaa ya mwaka 2018 wavamizi walikuwa wameingia kwenye ASUS Live Update, programu ambayo kazi yake hasa ni kuzipelekea kompyuta za ASUS masasisho ya BIOS na ya vifaa vyake. Faili zenye sumu zilikaa kwenye seva za ASUS wenyewe na zilikuwa na saini halali za ASUS. Isnadi ilikuwa sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani yake, wavamizi walikuwa wameandika orodha ya kompyuta mahususi zipatazo 600 walizozitaka. Nyingine zote zilibeba sumu bila kudhurika, kama barua iliyopita mikononi mwa wengi ikimtafuta mwenyewe. Aliyefuata kila sharti la usalama, aliyekubali kila sasisho siku lilipotoka, ndiye aliyefikiwa mapema.

Julai 2024 likaja la kuchekesha, kwa mwenye moyo wa kucheka. Binarly waligundua kwamba mamia ya aina za kompyuta, kutoka kwa makampuni makubwa yanayojulikana, zilikuwa zimeuzwa zikiwa na ufunguo wa juu kabisa ambao ulikuwa wa majaribio. Kampuni ya AMI, inayotengeneza programu dhibiti kwa ajili ya wengine, ilikuwa imeutoa kama mfano, ikitarajia kila kiwanda kiweke wake, na ili asiwepo wa kusingizia kutojua, kwenye cheti cha ufunguo huo iliandikwa kwa herufi kubwa: USIAMINI. Viwanda viliupokea, vikaufunga ndani ya bodi, vikauza. Nusu ya siri ya ufunguo mmojawapo ilikuwa imeshavuja hadharani. Kwa hiyo kuna watu ambao kwa miaka uaminifu wote wa kompyuta zao ulisimama juu ya shahidi aliyekuwa akisema tangu siku ya kwanza kwamba asiaminiwe, ila hakuna aliyemsoma.

Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alilipeleka jambo hili mbali zaidi alipopokea Tuzo ya Turing ya mwaka 1983. Katika hotuba yake alionyesha jinsi ya kuitia hila programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, ili iingize mlango wa siri kila inapotafsiri programu fulani, na ijirudie yenyewe kila inapotafsiriwa upya. Msimbo unaoonekana unabaki safi. Mkaguzi anasoma mstari kwa mstari na haoni kitu, kwa maana hila haimo kwenye kinachosomwa, imo kwenye kinachosoma. Thompson alimaliza kwa kusema kwamba mtu hawezi kuuamini msimbo ambao hakuuandika wote mwenyewe. Na nani aliyewahi kuandika wote? Hata flashi ina programu dhibiti yake: mwaka 2014 Karsten Nohl na Jakob Lell waliudhihirishia mkutano wa Black Hat kwamba inaweza kuandikwa upya ili flashi ijifanye kibodi na kuanza kuipa kompyuta amri. Mjumbe aliyetumwa kumrekebisha mgonjwa ana akili yake, na akili hiyo nayo haijakaguliwa.

Otto Neurath, mwanafalsafa wa Vienna aliyefariki mwaka 1945, angesema hatukupaswa kutarajia vingine. Elimu ya binadamu, kwake, ni meli ambayo mabaharia wake wanalazimika kuiunda upya wakiwa katikati ya bahari. Wanabadilisha ubao huu wakiwa wamesimama juu ya ule, na hawatapata kamwe chelezo ya kuipandisha. Kuna kompyuta zilizotengenezwa kwa fikra hiyo. Bodi kadhaa za Gigabyte zina chipu mbili za BIOS, moja ikifa nyingine inaiandika upya. Simu nyingi za Android, tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016, zina nafasi mbili za mfumo: sasisho linaandikwa kwenye ile isiyotumika, na likishindwa kuamka simu inarudi ilikokuwa. Hakuna aliyetoka nje ya meli. Kilichofanyika ni kutozing'oa mbao zote kwa pamoja.

Kitufe cha nyuma ya bodi ndicho chelezo ambayo Neurath alisema haipo. Kompyuta ina bahati ambayo Ghazali aliipata kwa nuru tu: kuna kilicho nje yake. Yupo mtu amesimama, macho yake hayakutengenezwa na programu dhibiti ile, mkono wake umeshika kitu kilichoandaliwa kwenye mashine nyingine. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2018 juu ya uimara wa programu dhibiti unataka mambo matatu, kulinda, kugundua na kurejesha, na lile la tatu limewekwa na watu waliojua kwamba mawili ya kwanza siku moja yatashindwa. Yakini haimo popote katika mpango huo. Kilichomo ni kupanga nani asimame nje ya nani, na kuhakikisha kwamba njia ya kurudi haipiti kwa aliyeanguka.

Julai 19, 2024 dunia iliona gharama ya kukosa mpango huo. Sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows ambazo Microsoft walizikadiria kuwa milioni 8.5, zikiwemo za viwanja vya ndege na hospitali. Kampuni ililiondoa sasisho hilo kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Haikusaidia zilizokwisha kuanguka, kwa kuwa zilikuwa zinakufa kabla ya kufika mahali pa kupokea marekebisho kwa mtandao. Microsoft ikatoa kifaa cha uokoaji cha kuwekwa kwenye flashi, na mafundi wakaanza kutembea, dawati kwa dawati, wakiwa na flashi mkononi na tarakimu 48 za BitLocker kwenye karatasi.

Baada ya yote hayo mwenye kompyuta anaweza kuuliza kwa haki kama kuna haja ya kuigusa kabisa. Mafundi wana msimamo wao wa zamani, kwamba inayofanya kazi isiguswe, na fikihi inaonekana kuwaunga mkono: yakini haiondolewi na shaka, aliyejua kwamba ametawadha kisha akashuku kama udhu umetenguka bado ana udhu. Tena kuzuia madhara kunatangulia kuleta manufaa. Januari 2018, baada ya kutangazwa kasoro za usalama za prosesa zilizoitwa Spectre na Meltdown, waliokimbilia marekebisho ya Intel ndio walioona kompyuta zikijizima na kujiwasha ovyo, mpaka Januari 22 Intel wenyewe wakaomba watu wasimamishe kuyaweka. Wavivu walipumzika.

Kanuni ile, hata hivyo, inataka yakini iwepo kwanza. Mwaka 2024 ilibainika kwamba prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zikiomba volteji kubwa kupita kiasi, kwa kosa lililokuwa ndani ya maagizo yake madogo (microcode). Marekebisho yalitoka Agosti kupitia masasisho ya BIOS. Intel walieleza kwamba yanazuia madhara yasitokee, ila hayaiponyi prosesa iliyokwisha kudhurika, na wakaongeza dhamana kwa miaka miwili. Mwenye kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi vizuri mwezi Mei hakuwa na yakini ya uzima. Alikuwa na kimya. Maneno machache yaliyoandikwa vibaya yalikuwa yakiichoma silikoni yake polepole, na kila asubuhi ilipowaka alihesabu kuwa ni ushahidi wa afya.

Upande wa pili wa jambo hili uko Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, kwenye maduka ya kompyuta za mtumba zilizokwisha kutumika Ulaya au Ghuba. Nyingi zinafanya kazi vizuri miaka mingi baada ya mtengenezaji kuacha kuzitolea programu dhibiti mpya. Isnadi yake haikukatika kwa uongo. Waliokuwa upande wa juu wameacha kusema. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 ambavyo Secure Boot, mfumo unaokagua saini wakati wa kuwasha, umevitegemea vimewekewa ukomo unaoanzia Juni 2026, na kompyuta inayotaka vipya inahitaji mtu wa kuipelekea, na wakati mwingine mtengenezaji aliye tayari kuandika sasisho moja zaidi. Wapo waliochoka kusubiri. Mradi wa coreboot, ulioanza mwaka 1999 kwenye maabara ya Los Alamos ukiitwa LinuxBIOS, unatoa programu dhibiti ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, na laptopu kadhaa za zamani zinaikubali baada ya fundi kuibana chipu kwa kibanio na kuiandika moja kwa moja. Kwa laptopu ambayo kiwanda kiliwasha Boot Guard na kuzichoma fyuzi zake, fundi huyohuyo ataandika anachotaka na chipu itakipokea chote, kisha prosesa itakilinganisha na alama ya kampuni isiyoitengenezea tena programu, na itakataa kuwaka.